Dozi Moja, Watoto Wawili

Justa Malimi alikuwa mwoga, na pale Usagara hakuna asiyejua. Aliogopa radi, aliogopa mbwa, aliogopa barua zenye muhuri. Hilo la barua msimcheke. Mwaka tisini na tatu aliletewa moja wodini, katika hospitali ya mjini Mwanza alikofanya kazi ya uhudumu miaka kumi na tisa, ikamshukuru kwa utumishi wake mwema na kumwarifu kwamba serikali inapunguza watu. Aliisoma amesimama na ndoo ya maji machafu mkononi, na hakujua aanze kuitua ndoo au barua.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Sabuni za kila rangi zilijaa madukani, mitumba ilimwagwa kando ya lami watu wakachagua wameinama, na matibabu, ambayo wengi walikuwa wameyajua ni ya bure, sasa yalikuwa na bei. Hospitalini watu waliambiwa wachangie. Na mwenye ujuzi na mtaji kidogo aliruhusiwa kufungua zahanati yake. Ndivyo alivyofanya mzee Gidion Ojwang, Mluo wa Rorya, mganga msaidizi mstaafu, aliyekodi vyumba viwili pale njia panda inapoachana barabara ya kivukoni na ile ya Shinyanga. Akamwajiri Justa. Wagonjwa walimwita nesi ingawa hakuwa nesi, naye alikuwa amechoka kuwasahihisha.

Mzee Gidion hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa ubao. Ukutani alitundika ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki bei ya kila kitu, na chini kabisa, kwa herufi kubwa, kwamba dawa haitoki bila malipo. Usipokuwa na pesa alipokea kuku, mpunga, hata michembe ya viazi vilivyokaushwa. Ila bure hapana. Dawa alizifuata mwenyewe mjini kwa pensheni yake, na alisema kopo likiisha bila kununua jingine, zahanati inafungwa na watu wote wanarudi kuchemsha mizizi. Kila Jumamosi asubuhi alimwaga vidonge kwenye sinia na kuvihesabu. Ufunguo wa kabati ulining'inia shingoni kwa Justa, na Justa aliuogopa kuliko mbwa, kwa sababu kazi hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na mama yake, bibi Bernadeta, ambaye macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu na hakuona tena hata mlango.

Kuna jambo moja zaidi la kumjua Justa. Jina hilo ni la kanisani. Nyumbani aliitwa Doto, kwa kuwa kwao pacha wa kwanza huitwa Kulwa na wa pili Doto. Kulwa alikufa kwa homa walipokuwa na miaka minne. Justa hakukumbuka kilio, kwa kuwa nyumbani kwao pacha haliliwi. Ukimlilia aliyeondoka, walisema, unamwita na aliyebaki. Kwa hiyo watu walinyamaza, maisha yakaendelea, na kila mara Justa alipouliza habari za nduguye mama yake alimjibu kwa maneno yaleyale, kwa upole na kwa fahari kidogo: "Hatukuwabagua, mwanangu. Mlipata kila kitu sawa kwa sawa." Justa alikua na maneno hayo, na yalimfariji.

Sasa, mwezi wa nne wa mwaka tisini na tano, katikati ya masika, alikuja mwanamke anayeitwa Selina. Alikaa ng'ambo ya mbuga, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Mumewe, Shimba, alikuwa mjini akisubiri kibarua kwenye viwanda vya minofu ya sangara, na salamu zake zilikuja kwa nadra kuliko mvua ya Agosti. Selina alimbeba mtoto mmoja mgongoni na mwingine kifuani, wasichana wawili wa miaka mitatu, na kwapani alibana kuku. Wa mgongoni, Kulwa, alikuwa anachemka. Wa kifuani, Doto, alikuwa anakula kiazi.

Mzee Gidion alimpima Kulwa, akasema ni malaria, akapokea kuku na kuagiza klorokwini vidonge viwili na nusu. Justa alivifunga kwenye karatasi ya daftari na kueleza: kimoja leo, kimoja kesho, nusu keshokutwa, ponda uchanganye na uji. Selina akayarudia maneno yote bila kukosea hata moja. Justa alimpenda kwa hilo. Wengi waliitikia tu, wakaenda kufanya lao.

Siku ya nne, Ijumaa asubuhi, Selina alirudi. Alikuwa amewabeba vilevile, ila kichwa cha Kulwa kilikuwa kinaanguka upande kila mama yake alipopiga hatua, na midomo yake ilikuwa imepasuka. Justa alipoweka kiganja kwenye paji la uso la mtoto alikiondoa upesi.

Woga wa kwanza uliomwingia ulikuwa wa dawa. Siku zile ilivuma kwamba kuna watu wanapiga vidonge kwa unga wa muhogo na kuviuza mjini kwenye makopo yenye nembo nzuri kabisa. Kama kopo la mzee Gidion lilikuwa la hao, basi wiki nzima Justa alikuwa amewagawia watu muhogo, na wangapi walikuwa wamelala majumbani wakiungoja uwaponye? Alifungua kabati, akatoa kidonge, akakiweka kwenye ulimi.

Kilikuwa kichungu, cha kweli. Uchungu ulimpanda hadi puani, na pamoja nao likaja jambo ambalo hakulitarajia: mkeka, moshi wa jikoni, mtu mwingine mdogo amelala ubavuni mwake akiwa moto kama jiwe la jua, na kijiko kinakuja kwake, yeye Doto, aliyekuwa haumwi popote. Akakitema kidonge kwenye kiganja.

Akarudi kwa Selina na kumuuliza kama alimpa mtoto dawa yote. Selina alisema ndiyo, yote, hakikubaki hata chenga.

"Ulimpaje?"

"Kama ulivyosema, dada. Nikaponda, nikachanganya na uji." Akawatazama watoto wake, huyu na huyu. "Nikawapa sawa kwa sawa."

Justa aliketi kwenye benchi la wagonjwa. Selina akaeleza, akishangaa kidogo kwamba anamweleza mtu wa kwao jambo kama hilo: pacha hapewi kitu peke yake, si nguo, si chakula, seuze dawa. Ukimpa mmoja na kumnyima mwenzake, aliyenyimwa atakasirika aondoke, na akiondoka ataondoka na mwenzake. Kwa hiyo vile vidonge viwili na nusu vilikuwa vimegawanywa katikati. Doto, mzima kama kigongo, alikunywa nusu ya maisha ya Kulwa, na Kulwa akapata dawa ya kuituliza homa siku mbili tu irudi na hasira zake.

Justa hakumgombeza. Angemgombeza vipi? Yeye mwenyewe hakuwahi kununuliwa kandambili bila jozi ya pili kununuliwa na kuwekwa kando kwa ajili ya marehemu. Alijua kwamba ukimwambia mama mapacha ampe dawa mmoja, umemwambia achague wa kufa.

Mzee Gidion alimpima tena Kulwa na kukunja uso. Akasema aanze dozi upya, leo hii, ikamilike. Jioni ya kesho asipopoa, apelekwe mjini. Selina aliposikia neno mjini akatazama sakafu. Jirani yake alimpeleka mtoto mjini mwaka uliotangulia, akanunua kadi, akanunua glovu, akanunua sindano na maji ya dripu, akauza jaruba la mpunga, na akarudi na mtoto amefungwa kwenye shuka juu ya lori la mkaa. Selina alifungua fundo la kitenge na kutoa mpunga wa mbegu. Ulitosha dozi moja.

Hapo ndipo Justa alipopaswa kusema. Mlango ulikuwa wazi, mzee Gidion alikuwa hatua nne mbele yake akifuta kipimajoto. Angemweleza tu kwamba dozi moja kwa watoto hawa si dozi. Lakini aliutazama ubao, akamkumbuka mama yake anayengoja uji gizani mchana kweupe. Badala yake akafanya ujanja. Akafunga vifurushi viwili: klorokwini kwa Kulwa, na kwa Doto vidonge vya vitamini, ambavyo mzee hakuvihesabu. Akamwambia Selina kila mtoto ana chake. Selina akashukuru, akaondoka, na Justa akajiona mwerevu hadi saa nane mchana.

Saa nane alikuwa anasugua benchi, na ujanja wake ukamgeukia. Vifurushi vyote viwili vilikuwa vya karatasi ileile ya daftari. Vidonge vyote vilikuwa vyeupe. Lakini si hilo lililomfanya aache brashi majini. Ni kwamba alijua, kama anavyolijua jina lake la nyumbani, kwamba mama mapacha hawezi kuona vifurushi viwili. Angevifungua vyote, angevimwaga kwenye bakuli moja, angeponda, angegawa. Vitamini nusu kwa nusu, klorokwini nusu kwa nusu. Kulwa angepewa nusu tena, na safari hii hakukuwa na siku nne za kungojea.

Mzee Gidion alikuwa amekwenda kusalimia mgonjwa wake upande wa Misungwi. Justa alifungua kabati. Kopo liligonga rafu, na aligeuka kuona kama kuna aliyesikia, ingawa mlangoni hapakuwa na mtu ila mbuzi. Alihesabu viwili na nusu, akavifunga kwenye pindo la khanga, akafunga mlango wa zahanati mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku moja. Alijisikia mwizi, na kwa kweli alikuwa anaiba.

Mbuga ilikuwa imejaa. Maji ya majaruba yalimfika magotini, mvua ikaanza, na radi ikapiga upande wa ziwani. Mtu yule anayeogopa radi alipita kwenye matuta ya mpunga mkono mmoja ukishika pindo la khanga juu, vidonge visije vikalowa, akilia bila kujificha kwa sababu hapakuwa na wa kumwona. Aliogopa kuchelewa. Na chini ya woga huo kulikuwa na mwingine uliokuwa unapanda polepole kama maji yale, unaohusu mkeka, na kijiko, na kile kilichokuwa ndani ya kijiko. Huo aliukataa. Akautazama mpunga na kuhesabu hatua.

Alimkuta Selina jikoni. Bakuli lilikuwa moja. Lilikuwa tupu.

"Umeshawapa?"

"Sasa hivi, dada. Yote ya leo."

"Ulichanganya?"

Selina alianza kuogopa kwa sababu aliona uso wa Justa. Akasema taratibu kwamba hawezi. Alijaribu. Alimpa Kulwa kijiko, na Doto akafungua kinywa kungoja chake, kama ndege. Yeye ni mama. Angeanza vipi?

Justa alichuchumaa mbele yake, maji yakimtiririka. "Mimi pia ni Doto," alisema. "Sikwambii umnyime. Tutawapa wote wawili, dozi nzima huyu, dozi nzima huyu. Nusu waliyokunywa ipo tumboni. Sasa tunawajazia nusu nyingine."

Alikata kidonge kwa kisu, akaponda nusu kwenye kijiko hiki na nusu kwenye kijiko hiki, Selina akiangalia vijiko kwa jicho la mtu anayepima dhahabu. Doto alipiga kelele na kutema kidogo, ikabidi ashikwe. Kulwa hakupiga kelele. Alimeza tu huku macho yake yakitazama paa, na kimya hicho kilimtisha Justa kuliko kilio chochote alichowahi kukisikia wodini.

Jumamosi asubuhi mzee Gidion alimwaga vidonge kwenye sinia. Alihesabu mara mbili. Kisha akavua miwani na kumtazama Justa, na Justa, ambaye usiku kucha alikuwa ametunga uongo wa namna tatu, alikuta hana hata mmoja. Alimweleza yote. Alimaliza kwa kuvua ufunguo shingoni na kuuweka juu ya sinia.

Mzee alivaa tena miwani. Halafu akauliza kwa nini hakumwambia jana, akiwa pale pale.

"Niliogopa, mzee."

"Mimi je?" alisema. "Unadhani ule ubao niliuandika kwa ujasiri?" Akazitazama rafu zake, ambazo nusu zilikuwa wazi. Akasema kwamba hata kwao, mama wa mapacha, Apiyo na Adongo, hanunui kitu kimoja, na yeye mganga wa miaka thelathini alimpa mama mapacha dozi moja kwa mkono wake na hakufikiri. Kisha akauliza mtoto anaendeleaje.

Justa alisema hajui. Mzee akamrudishia ufunguo na kumwambia aende akaangalie.

Alivuka mbuga mara ya pili. Mvua ilikuwa imekatika na boma la Selina lilionekana kwa mbali, limetulia. Hapakuwa na kilio. Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa habari njema, lakini Justa alijua kwamba kwa pacha kimya hakisemi lolote. Alipokaribia zaidi alimwona Doto amekaa mlangoni, peke yake, anatafuna kiazi. Peke yake. Justa alisimama kwenye tuta la mwisho. Alitaka kurudi. Alitaka kurudi zahanati na kusugua benchi na asijue kamwe.

Ni Doto aliyemvusha. Alikikata kile kiazi vipande viwili, kwa makini, akavipima kwa macho, akainuka na kuingia ndani na kimoja. Justa alimfuata mbio. Ndani, juu ya mkeka, Kulwa alikuwa amelowa jasho chapachapa, paji lake limepoa, na mkono wake umenyooshwa kupokea. Selina alikuwa amelala kando yao akiwa amekaa, mgongo ukutani, kinywa wazi. Justa hakumwamsha. Aliponda dozi ya siku ya pili, akampa huyu, akampa huyu.

Jumatatu palikuwa na mstari mpya ubaoni, umebanwa juu ya ule wa herufi kubwa: mapacha, dozi mbili kwa bei ya moja. Mzee Gidion alisema hajui zahanati itaubeba mstari huo kwa miezi mingapi. Justa naye hakujua, na aliliogopa hilo pia, lakini kila asubuhi alifuta vumbi kwenye ubao akiuzunguka mstari ule kwa kitambaa asije akaufuta.

Jioni ya Jumatatu hiyo, nyumbani, alimlisha mama yake ugali wa muhogo wa udaga na samaki wa furu. Bibi Bernadeta alikuwa amesikia habari, kwa maana wasioona husikia za kila mtu. Akauliza kama ni kweli mtoto wa Selina amepona.

"Amepona, mama."

"Na walipewa wote wawili?"

"Sawa kwa sawa."

Bibi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akasema ndivyo inavyotakiwa, ndivyo walivyofanya na wao, ule mwaka wa homa. Bwana mganga wa jineri, kile kiwanda cha pamba, aliwapa dawa, na baba yake Justa alikipasua kila kidonge katikati kwa wembe, hata chenga wakagawa. Mkono wake ukasimama juu ya sahani. Macho yake meupe yakatazama mahali ambapo Justa hakuwepo.

"Sasa mbona wetu hakupona?"

Justa aliyeogopa radi, na mbwa, na barua, alikuwa amelikimbia swali hilo tangu kwenye mbuga, na sasa lilikuwa limekaa naye kwenye mkeka mmoja. Ulimi wake ulikuwa na uchungu ule. Alijua nani alikunywa nusu ya pili. Alijua pia kwamba mwanamke huyu alikuwa ameishi miaka arobaini na moja juu ya maneno mawili matatu, na kwamba hakuwa na mengine.

Aliushika mkono wa mama yake na kuurudisha kwenye chakula.

"Mlifanya vizuri, mama," alisema. "Dawa ndiyo ilikuwa kidogo."

Bibi Bernadeta alifikiri, akaafiki, akaomba maji ya kunywa.